Gari la Mpwa Wetu na Gereji ya Kerugoya



Wapenzi wasomaji, barua nyingi mnazotuletea huuliza juu ya twahara, eda na mirathi, na inshaallah tutazirudia. Juma hili tumeona tuandike juu ya gari. Msistaajabu. Wengi katika binti zetu leo wanaendesha, wengi wamepangiwa kazi bara mbali na jamaa zao, na mara kwa mara mmoja wao hujikuta mlangoni mwa gereji akiambiwa maneno asiyoweza kuyapima. Yaliyompata mpwa wetu yaweza kumpata yeyote kati yenu, na sisi wenyewe tulianza kwa kukosea katika kumshauri.

Mpwa wetu, binti wa dada yetu, ni mwalimu wa shule ya sekondari huko Kerugoya, katika kaunti ya Kirinyaga. Kwa asiyepajua, ni mji ulio kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Kenya. Juu yake mna mashamba ya chai, kandokando yake kahawa, na ukizidi kuteremka wafika tambarare za Mwea, kunakolimwa mpunga ambao wengi wetu huku Pwani tunaupikia pilau. Waislamu wa hapo ni wachache. Mumewe yuko Ghuba kikazi, naye huishi na watoto wake wawili katika nyumba ya kupanga. Gari lake dogo alilinunua kwa akiba yake mwenyewe, miaka minne akidunduliza.

Siku ya Alhamisi alilipeleka gari hilo kufanyiwa huduma kwa wauzaji wa magari walio hapo mjini, ambao nyuma ya uwanja wao wa mauzo wana gereji. Kazi ilikuwa kubadilisha oili na filta yake, na kutazama breki. Alilipa shilingi 8,500 akapewa stakabadhi. Ijumaa jioni aliona matone meusi pale anapoliegesha, akadhani ni ya gari la jirani. Jumamosi asubuhi akawapakia watoto kwenda Nairobi. Walipokwisha kupita Kagio wakielekea Sagana, taa nyekundu mfano wa buli ikawaka mbele yake. Akasema moyoni kwamba gari limetoka gereji juzi tu, labda ni waya umelegea. Akaendelea. Baada ya dakika kumi hivi injini ilianza kugonga kwa kishindo, kisha ikazimika, wala haikuwaka tena.

Alitupigia simu akiwa kando ya barabara, watoto wakilia nyuma yake. Tukamwambia maneno ambayo wazee huyasema upesi: subiri, mwanangu, huo ni mtihani, mali huja na kwenda, muhimu nyinyi mu wazima. Mumewe naye alikwisha kumwambia kutoka ng'ambo awaachie Mungu. Binti alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, subira ninayo. Nilichotaka kukuuliza ni kama nina haki."

Tunakiri mbele yenu kwamba swali hilo lilituaibisha. Tumesoma vitabu vya fiqhi tangu utotoni, na mlango wa ijara, yaani kuajiri mtu au kitu kwa ujira, ni miongoni mwa milango mirefu. Wanazuoni hawakuuandika ili mtu aliyedhulumiwa aambiwe anyamaze. Kusamehe ni jambo bora, lakini hakuna kusamehe mpaka kwanza haki ijulikane ni ya nani na ni kiasi gani. Mwanamke anayeshauriwa aache kwa sababu tu sisi jamaa zake tunaona taabu ya kusimama naye, huyo hajasamehe. Amenyamazishwa. Usiku ule tulipanda basi la Nairobi, na kesho yake mchana tukafika Kerugoya.

Tulikuta kwamba yaliyo muhimu yamekwisha kufanywa, tena na mtu asiyekuwa wa dini yetu. Jirani yake ni mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa. Wauzaji wa magari walipopata habari walijitolea kutuma gari la kuvuta, bila malipo, walipeleke gereji kwao "walitazame". Mzee yule akamwambia mpwa wetu asikubali. Alisema, na ni kweli, kwamba injini ikifunguliwa na yule anayetuhumiwa, faraghani, hakuna atakayejua tena ilikuwaje. Akamtafutia mtu wa kulivuta kwa shilingi 6,000, likaingizwa katika ua wa nyumba yake, akalifunika turubai. Kisha akaita fundi kutoka Karatina, mtu asiyewajua wale wa gereji wala sisi, na akawapelekea wauzaji ujumbe: Jumatatu saa nne filta itafunguliwa, mleteni fundi wenu ashuhudie.

Walimleta. Kijana wa miaka kama ishirini na miwili, ambaye ndiye aliyeifanya kazi yenyewe.

Hapa inafaa tueleze jinsi mambo yalivyo, kwani wengi hulipia huduma wasijue ni nini kinachofanywa. Filta ya oili ni kopo dogo la bati linalosokotwa ubavuni mwa injini. Mdomoni mwake mna pete ya mpira inayozuia oili isivuje. Wakati mwingine filta kuukuu ikitolewa, pete yake hubaki imeganda kwenye injini. Fundi mwangalifu hupapasa kwa kidole na kupafuta kabla ya kufunga mpya. Asipofanya hivyo, filta mpya hukalia juu ya pete kuukuu, pete mbili zikawa moja juu ya nyingine, na mbili hazishikani sawasawa. Gari likiwa limesimama huenda lisionyeshe ila matone. Likienda kasi, oili husukumwa kwa nguvu ikachuruzika njiani, na injini isiyo na oili hujila yenyewe kwa dakika chache.

Fundi wa Karatina aliisokota filta polepole mbele ya wote. Pete zilikuwa mbili. Moja laini, mpya. Nyingine ngumu, imekauka kama ganda la mkaratusi. Mpwa wetu alipiga picha kwa simu, na mzee wa kanisa akatia pete zote mbili katika bahasha, akaandika tarehe na saa, wakatia saini watu wanne. Yule kijana naye alitia saini. Mkono wake ulitetemeka.

Alasiri tulikwenda ofisini kwa wauzaji: mpwa wetu, mzee wa kanisa na sisi. Wenye biashara ni wawili, washirika. Walitupokea vizuri, wakatuletea chai ya maziwa, kisha wakaanza kuzungumza na sisi. Hawakuzungumza na binti. Kila swali alilouliza yeye, jibu lilielekezwa kwetu: "Sheikh, unajua wanawake na magari…" Tukawaambia kwamba gari si letu wala si la mumewe, ni lake, amelinunua kwa jasho lake, na katika dini yetu mali ya mwanamke ni yake, hata mume hana amri nayo. Kwa hiyo wamwambie yeye. Twalitaja hili kwa kuwa dada zetu wengi hutuomba "tuwapeleke mwanamume" gereji wasidanganywe. Kumpeleka shahidi ni jambo jema. Lakini shahidi akigeuka kuwa msemaji, mwenye haki husahaulika chumbani humo humo.

Maneno ya wenye biashara yalikuwa matatu. Kwanza, kwamba stakabadhi ina maandishi madogo chini yakisema hawawajibiki kwa hasara yoyote baada ya gari kutoka. Pili, kwamba binti aliendesha ilhali taa inawaka. Tatu, kwamba wao ni watu wa huruma, basi watamkata yule kijana mshahara wake mpaka zitimie shilingi elfu thelathini, na mambo yaishe.

Usiku ule tulikaa na mpwa wetu tukayapima hayo matatu, na tukafungua vitabu. Wanazuoni humgawanya mwajiriwa mafungu mawili. Kuna ajiri khaswi, ambaye amemwajiri mtu mmoja na muda wake wote ni wa huyo. Na kuna ajiri mushtarak, fundi wa watu wote: mshonaji, mpaka rangi, mfua vyuma. Gereji ni ya fungu hili la pili. Je, kitu kikiharibika mkononi mwake, atalipa? Sayyidna Ali (R.A.) imepokewa kwamba aliwadhaminisha mafundi, akiona kwamba bila hivyo mambo ya watu hayatengemai. Imam Malik alishika njia iliyo karibu na hiyo. Abu Hanifa aliona vingine, na wanafunzi wake wawili wakuu, Abu Yusuf na Muhammad, wakamkhalifu. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli iliyo dhahiri zaidi, kama alivyoiandika Imam Nawawi katika Minhaj, ni kwamba fundi hadhamini ila akifanya taksiri au akivuka mpaka. Lakini kuna habari tamu ambayo Rabii bin Sulayman, mwanafunzi wa Imam Shafi, aliieleza: kwamba Imam mwenyewe aliitakidi hivyo ila hakupenda kuitangaza, akichelea mafundi wabaya wasije wakaifanya ngao. Ewe Mola, uwarehemu waliojua fiqhi na wakawajua pia watu.

Basi hata kwa kauli iliyo pole zaidi, kuacha pete kuukuu ndani ni taksiri wala hapana shaka. Anayedaiwa ni nani? Mpwa wetu hakufunga mkataba na kijana. Alifunga na wenye gereji, ndio waliopokea shilingi 8,500 na ndio waliomweka kijana peke yake bila msimamizi. Kwa wao, kijana ni ajiri khaswi. Akasema binti, kabla sisi hatujamaliza kueleza, "Mjomba, hizo elfu thelathini za kijana sizitaki. Nitakulaje mshahara wa mtoto wa watu?" Tulimfundisha yeye Qur'ani akiwa na miaka saba. Usiku ule tulikuwa tunafundishwa.

Likabaki neno la pili, na hilo lilikuwa zito, kwa kuwa lilikuwa kweli. Aliiona taa, akaendelea. Alitaka kulikana. Alisema huenda isingesaidia kitu, injini ilikuwa imekwisha kufa. Tukamkumbusha aya ya 135 ya Sura ya An-Nisaa, ambamo tumeamrishwa kusimama na uadilifu hata ushahidi ukiwa juu ya nafsi zetu. Alilia kidogo. Kisha akaandika katika daftari lake: niliona taa Kagio, nilisimama karibu na Sagana.

Kuhusu neno la kwanza, la maandishi madogo, hapo fiqhi peke yake haitoshi, maana wenye gereji si Waislamu na sheria inayotufunga sote ni ya nchi. Wengi hudhani kwamba jambo la Mwislamu hupelekwa kwa Kadhi. Sivyo katika hili. Katiba ya Kenya imemwekea Kadhi mpaka: hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, tena pande zote ziwe za Kiislamu. Lakini Katiba hiyo hiyo, ya mwaka 2010, katika ibara ya 46, imempa kila mteja haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na kulipwa fidia kwa hasara itokanayo na kasoro zake. Ipo pia Sheria ya Kumlinda Mteja ya mwaka 2012, ambayo ina sehemu nzima juu ya matengenezo ya magari. Mtengenezaji hutakiwa kutoa makadirio kabla ya kazi, asizidishe bei kupita asilimia 10 ya makadirio hayo, na amrudishie mteja vipuri kuukuu vilivyotolewa. Maandishi madogo ya stakabadhi hayawezi kuifuta Katiba.

Zaidi ya hayo kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016 na ambayo leo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Mtu aweza kusimama mwenyewe bila wakili, na sheria imetaka kesi ziamuliwe ndani ya siku 60. Penye uchache wa mahakama hizo, mahakimu wa kawaida wapo. Kerugoya yenyewe ina mahakama, hadi Mahakama Kuu. Malalamiko ya wateja hupokewa pia na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Na penye ubishi wa kifundi, Automobile Association of Kenya hukagua magari na kutoa ripoti. Tuliyaandika yote hayo katika barua ya ukurasa mmoja, kwa adabu, bila matusi wala vitisho, tukaambatisha picha za pete, nakala ya stakabadhi na hesabu. Mpwa wetu aliiandika kwa mkono wake, na sisi tukaisahihisha nukta tu.

Hesabu ilikuwa hivi: injini ya mtumba shilingi 75,000, ujira wa kuifunga 15,000, oili na vitu vidogo 6,000, kuvutwa 6,000. Jumla 102,000.

Jumatano tulirudi ofisini. Tulipoingia mzee wa kanisa alivua kofia, akaketi kando ya binti, wala si kando yetu. Tulipomwona pale tulikumbuka Hilful Fudhul, ule mkataba wa Makka kabla ya utume. Mfanyabiashara mgeni kutoka Zabid, Yemen, aliuza bidhaa yake kwa bwana mkubwa wa Makka, al-As bin Wail, naye akamnyima thamani yake. Mgeni hakuwa na kabila la kumtetea, akapanda Jabal Abi Qubays akapaza sauti. Watu wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, wakafungamana kusimama na kila aliyedhulumiwa mjini, mwenyeji au mgeni. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwapo akiwa kijana, na hata baada ya kupewa utume aliendelea kuusifu mkataba ule, ingawa waliofungamana hawakuwa Waislamu. Kisa hicho tumekisomesha miaka mingi. Hatukuwahi kumwona mtu wake akiwa na kofia ya sufu na fimbo ya mti wa kahawa.

Mshirika mkubwa aliisoma barua mara mbili. Mdogo alianza tena habari ya taa. Mpwa wetu akamwambia, "Ni kweli, niliiona, na nimeandika humo. Sehemu yangu nitaibeba." Neno hilo liliwapunguza makali kuliko ibara zote za sheria. Walikuwa wamejitayarisha kubishana na mtu anayekana. Wao walitaka wagawane nusu kwa nusu. Fundi wa Karatina, alipoulizwa kwa simu mbele ya wote, alisema kwamba angesimama mara taa ilipowaka huenda injini ingeokoka, lakini oili haikujimwaga yenyewe. Mzee wa kanisa akapendekeza binti achukue robo. Wakavutana kama saa nzima, chai ikaletwa mara ya pili, na ikawa hivyo: gereji shilingi 76,500, yeye 25,500. Alidai pia arudishiwe zile 8,500 za huduma. Walikataa wakisema breki walizitazama vyema, na hilo akaliachilia kwa hiari yake. Lakini alishikilia jambo moja liandikwe, kwamba fedha hizo hazitatoka katika mshahara wa kijana. Mshirika mdogo alicheka, akadhani ni mzaha. Likaandikwa.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Basi mapatano yaliandikwa nakala tatu. Shilingi 40,000 zililetwa papo hapo kwa M-Pesa, na zilizobaki 36,500 zigawanywe mara mbili, 18,250 kila mwisho wa mwezi. Injini ifungwe na fundi wa Karatina, si na wao. Pete mbili zikabaki katika bahasha kwa mzee wa kanisa mpaka deni liishe.

Kijana alikuja jioni nyumbani kwa mpwa wetu, hakuingia, akasimama langoni. Alisema alikuwa na magari matano siku ile ya Alhamisi, na aliambiwa yote yatoke kabla ya saa kumi. Watoto wakampelekea mahamri.

Malipo ya kwanza yalifika kwa wakati. Ya pili yalichelewa siku tisa, na mpwa wetu akatupigia kuuliza kama aweza kuwatoza kitu kwa ucheleweshaji. Tukamwambia hapana, nyongeza juu ya deni kwa sababu ya muda ni riba, hata kama mdaiwa amekosa adabu; awakumbushe tu kwa maandishi, na amtumie nakala mzee wa kanisa. Siku ya kumi zikaingia zote 18,250. Aliandika "imelipwa" chini ya karatasi, akatia tarehe na saini, akaipeleka kwa jirani, na mzee akamkabidhi bahasha yake.